Mwanga, Kivuli na Kinga ya Mimea

Mwaka 1979, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mtafiti Raymond White alidunga aspirini kwenye majani ya tumbaku, kisha akayapaka virusi vya batobato. Majani yaliyodungwa yalitoa vidonda vichache sana kuliko yale ambayo hayakudungwa. Dawa ileile tunayomeza kichwa kikiuma ilikuwa imeuamsha mmea ujilinde, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeweza kueleza imefanyaje. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1990. Makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza tumbaku na jingine matango, yalionyesha kwamba mmea ukishambuliwa hujitengenezea wenyewe asidi ya salisiliki, ndugu wa karibu wa aspirini, na kwamba kupanda kwa asidi hiyo huenda sambamba na kuamka kwa kinga.

Ikabaki kujua inatengenezwa wapi. Mwaka 2001 Mary Wildermuth na wenzake nchini Marekani waliipata jeni inayosimamia sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kimeng'enya chake kilikuwa mahali ambapo wengi hawakupatazamia: ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyofanya usanisinuru. Shuleni tulifundishwa kwamba jani ni jiko la mmea. Ni kweli, ila tulinyimwa nusu ya habari. Katika jiko hilohilo, juu ya moto uleule, ndimo dawa ya mmea inamochemshwa.

Ninalitaja hili mapema kwa sababu vitabu vyetu vingi huliacha somo la usanisinuru kwenye mlinganyo wa maji, hewa ya ukaa, sukari na oksijeni, halafu huhamia sura nyingine. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba mwanga ni chakula na kinga ni jambo jingine kabisa, la mbegu nzuri na sumu ya kupulizia. Shambani mambo hayako hivyo. Mwanga unaolifikia jani, wingi wake, rangi yake na saa unapofika, una neno katika kila uamuzi wa mmea kuhusu kujilinda.

Kwanza tuelewane kuhusu kinga yenyewe. Mmea hauna damu wala chembe nyeupe zinazozunguka mwilini kumsaka adui. Kila seli hujilinda hapo ilipo. Juu ya utando wa seli kuna protini zinazotambua vipande vya mvamizi: kipande cha mkia wa bakteria, kwa mfano, au cha ukuta wa fangasi. Kipande hicho kikishatambuliwa, ndani ya dakika chache kalsiamu humiminika ndani ya seli, oksijeni kali yenye kuunguza hutolewa, na jeni za ulinzi huanza kufanya kazi. Mvamizi akifaulu kupenyeza protini zake ndani ya seli, mmea wenye bahati huwa na protini nyingine za kuzinasa, na seli iliyovamiwa hujiua ili adui asipate pa kuendelea. Lile doa dogo kavu la kahawia ambalo halikui tena, linalomtia hofu mkulima, mara nyingi ni ushahidi kwamba jani limeshinda.

Asidi ya salisiliki hutumika zaidi dhidi ya virusi na vimelea vinavyohitaji seli hai ili viishi. Kwa viwavi na wadudu wengine watafunao, pamoja na fangasi wanaoua kwanza ndipo wale, amri hutoka kwa homoni nyingine, asidi ya jasmoniki. Nayo pia huanzia kwenye kloroplasti: hutengenezwa kutokana na mafuta ya utando wake, kisha humaliziwa kwingine ndani ya seli. Kwa hiyo homoni zote mbili kuu za kinga zinaanzia katika nyumba moja, nayo ni nyumba ya mwanga.

Basi mmea ukishambuliwa gizani inakuwaje? Jürgen Zeier na wenzake katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walilijaribu swali hilo mwaka 2004 kwa Arabidopsis thaliana, gugu dogo la ukoo wa kabichi ambalo wanabiolojia wa dunia nzima wamelifanya mmea wao wa majaribio. Waliliambukiza bakteria, mimea mingine ikiwa kwenye mwanga na mingine gizani. Gizani, seli zilizovamiwa ziliweza bado kujiua, lakini asidi ya salisiliki haikuongezeka inavyopasa, na ile kinga ya mwili mzima, ambayo kwa kawaida huyaandaa hata majani ambayo hayajaguswa, haikujengeka. Mwaka 2008 kundi hilo likaongeza jambo la pili. Mimea iliyoambukizwa asubuhi au mchana ilitengeneza asidi hiyo upesi na kwa wingi kuliko iliyoambukizwa jioni au usiku. Kilicholeta tofauti ni urefu wa muda wa mwanga uliofuata baada ya maambukizi.

Kloroplasti hazibaki tu kutengeneza homoni zikisubiri kuagizwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipiga picha za seli zilizokuwa katikati ya vita na virusi, wakaona kloroplasti zikitoa mirija myembamba inayonyooka hadi kwenye kiini cha seli, kule zinakokaa jeni. Kupitia mirija hiyo, protini za ulinzi na haidrojeni peroksaidi hufika kiini. Kwa maneno mengine, sehemu inayopokea jua ndiyo pia inayopeleka taarifa ya hatari makao makuu. Si ajabu, kwa kuwa kloroplasti huhisi mapema kuliko sehemu nyingine nyingi: mtiririko wa nguvu za mwanga ukivurugika kidogo tu, oksijeni kali huanza kurundikana humo.

Adui naye analijua hilo. Bakteria Pseudomonas syringae, mwenye aina nyingi zinazoshambulia nyanya, maharage na mazao mengine, hudunga ndani ya seli protini zake za hila. Moja yao, iitwayo HopI1, husafiri moja kwa moja hadi kwenye kloroplasti na kupunguza asidi ya salisiliki. Aina inayoshambulia maharage katika nyanda za juu zenye baridi ina mbinu nyingine unayoweza kuiona kwa macho yako. Chukua jani la haragwe lenye ugonjwa huo, liinue usawa wa jua. Katikati utaona doa dogo la majimaji, pengine si kubwa kuliko kichwa cha pini, na kulizunguka kuna duara pana la rangi ya kijani-njano iliyopauka. Bakteria wengi wako kwenye kile kidoa cha kati. Duara lililopauka ni kazi ya sumu yao, inayozuia kimeng'enya kimoja cha kloroplasti kinachohitajika kutengeneza protini. Mahali pale jani limenyimwa uwezo wa kuwa kijani kabla bakteria hawajafika kwa wingi. Sumu hiyo hutengenezwa vizuri zaidi kwenye baridi ya kiasi cha nyuzi 18 hadi 20, ndiyo maana ugonjwa huu si wa mabondeni kwenye joto.

Mlango wa kuingilia nao hufunguliwa na mwanga. Stomata, vile vitundu vidogo ambavyo vingi viko upande wa chini wa jani, hufunguka kunapokucha ili jani lipate hewa ya ukaa. Zilipo wazi kwa hewa, ziko wazi kwa bakteria pia. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba bakteria huingia tu kama hewa inavyoingia, mpaka mwaka 2006 Maeli Melotto na Sheng Yang He, wakiwa Michigan, walipoonyesha kwamba jani likiwahisi bakteria hufunga stomata ndani ya saa moja hivi, hata kama jua linawaka. Bakteria wakajibu: baada ya saa tatu au nne, wale wenye sumu ya koronatini wanazifungua tena. Koronatini inafanana mno na asidi ya jasmoniki, hivyo mmea hudanganyika ukafikiri unaliwa na kiwavi, ukaiweka kando silaha ya bakteria na kushika ile ya wadudu.

Kuna pia suala la saa. Mmea una saa yake ya ndani inayorekebishwa na mapambazuko na machweo, na kinga hufuata saa hiyo. Xinnian Dong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu ubwiri vinyoya wa Arabidopsis. Waligundua kwamba jeni kadhaa za ulinzi dhidi ya kimelea hicho zimefungwa kwenye protini ya saa inayopanda alfajiri, wakati ambapo mbegu za ubwiri hutarajiwa kusambaa. Mmea ulioambukizwa alfajiri ulijitetea vizuri kuliko ulioambukizwa jioni. Haukusubiri kushambuliwa. Ulikuwa umejiandaa kwa sababu ulijua ni saa ngapi.

Mwaka uliofuata, katika maabara ya Janet Braam kwenye Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Danielle Goodspeed na wenzake walifanya jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Viwavi wanaokula kabichi, Trichoplusia ni, waliwekwa kwenye ratiba ya mwanga na giza, na mimea ikawekwa kwenye ratiba yake. Makundi mengine yalipatana saa, mengine yakapishana saa 12, yaani kwa kiwavi ilikuwa mchana na kwa mmea ni usiku. Pale saa zilipopatana mmea ulipoteza majani machache, kwa kuwa asidi ya jasmoniki ilikuwa juu wakati kiwavi anapokula sana. Zilipopishana, mmea ukatafunwa vibaya. Mwaka 2013 wakaenda mbali zaidi: walichukua kabichi za dukani, zilizokwisha kuvunwa, wakaziwekea tena mchana na usiku. Majani yake yakaanza upya kupandisha na kushusha glukosinolati, zile kemikali zinazoipa kabichi na sukuma wiki ukali wake mdomoni, na viwavi wakayala kidogo kuliko yale yaliyovurugiwa saa. Kabichi iliyokatwa bado ina habari na jua.

Hadi hapa nimezungumzia mwanga kama kitu kilichopo au kisichokuwepo. Lakini jambo kubwa zaidi, na lenye faida zaidi kwa mkulima, ni rangi yake.

Mwaka 1952, huko Beltsville, Maryland, Harry Borthwick na Sterling Hendricks walimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu, zikaota. Walipozimulika baadaye kwa mwanga ulio mwekundu zaidi, ule wa ukingoni kabisa mwa kuona kwetu ambao hapa nitauita nyekundu ya mbali, hazikuota. Wakazimulika kwa zamu: nyekundu, ya mbali, nyekundu, ya mbali. Mbegu zilitii mmuliko wa mwisho tu. Ndani ya mbegu kulikuwa na kitu kinachobadilika umbo na kurudi, na baadaye kikaitwa fitokromu. Mwanga mwekundu wa kiasi cha nanomita 660 hukiweka katika hali ya kufanya kazi. Nyekundu ya mbali, nanomita 730, hukizima.

Kwa nini mmea ujali tofauti ndogo hivyo? Kwa sababu klorofili hufyonza nyekundu karibu yote na kuiacha nyekundu ya mbali ipite au irudi. Jua la wazi huwa na nyekundu kiasi cha 1.2 kwa kila 1 ya nyekundu ya mbali. Ndani ya shamba lililofunga, chini ya majani mengi, uwiano huo unaweza kushuka chini ya 0.2. Macho yetu hayaoni mabadiliko hayo, tunaona kivuli cha kijani tu. Mmea unaona majirani. Mwaka 1990 Carlos Ballaré na wenzake wa Buenos Aires, Argentina, walithibitisha kwamba miche hurefusha shina hata kabla haijatiwa kivuli, kwa kuhisi nyekundu ya mbali inayorudishwa na majani ya jirani aliye pembeni. Mmea unajua kwamba utabanwa kabla haujabanwa.

Hapo ndipo kinga inapoingia. Kundi hilohilo la Ballaré lilionyesha mwaka 2009 kwamba mmea unaopata nyekundu ya mbali kwa wingi hupunguza usikivu wake kwa asidi ya jasmoniki. Kiwavi anautafuna, homoni inatolewa, lakini amri hazifuatwi kwa nguvu ileile. Miaka michache baadaye watafiti wa Uholanzi wakaona kwamba hata upande wa asidi ya salisiliki hudhoofika katika hali hiyo. Yaani mmea uliozungukwa huamua kukimbilia juu kutafuta jua na kushusha ngao zote mbili. Watafiti wengine, waliofanya kazi na nyanya, wameonyesha kwamba katika mwanga huo majani hukusanya sukari zaidi, na fangasi wa ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, huifaidi sukari hiyo.

Maelezo ya zamani ya jambo hili yalikuwa ya uchumi: kivulini usanisinuru ni mdogo, chakula hakitoshi, kwa hiyo mmea hauwezi kulipia ukuaji na ulinzi kwa pamoja. Yanavutia, na mimi niliyafundisha kama wengine. Ila hayalingani na ushahidi. Katika majaribio ya rangi, wingi wa mwanga unaotumika kwa usanisinuru unaweza kuachwa palepale, ukaongeza nyekundu ya mbali tu, na kinga ikashuka. Mmea umeshiba na bado umeacha kujilinda. Mwaka 2016 kundi la Gregg Howe katika Chuo Kikuu cha Michigan State liliondoa katika Arabidopsis jeni 5 za protini za JAZ, ambazo kazi yake ni kuzuia amri za asidi ya jasmoniki, pamoja na jeni ya fitokromu moja. Mmea uliopatikana ulikua upesi na pia ulijilinda vizuri dhidi ya viwavi. Kama tatizo lingekuwa upungufu wa chakula peke yake, mmea wa namna hiyo usingewezekana.

Gharama zipo, tusidanganyane. Mwaka 2018 kundi hilo liliondoa jeni 10 za JAZ badala ya 5, na safari hii mmea ulijilinda mno lakini ukadumaa na kuzaa mbegu chache, ukionyesha dalili za njaa ya sukari. Kuna kikomo. Lakini kati ya kawaida na kikomo hicho kuna nafasi kubwa, na mmea shambani huwa uko ndani ya nafasi hiyo, ukiamua kwa kusoma rangi. Nashikilia kwamba hili ndilo jambo la msingi ambalo mkulima na bwana shamba wanapaswa kulibeba kutoka kwenye utafiti wa miaka 20 iliyopita: mmea uliobanwa huugua kwa uamuzi zaidi kuliko kwa umaskini, na uamuzi huo unategemea taarifa tunazoupa sisi tunapopanga mistari.

Kuna mwanga mwingine unaofanya kinyume cha nyekundu ya mbali, nao ni urujuanimno wa kundi B, sehemu ileile ya jua inayounguza ngozi. Kipokezi chake kwenye mmea, protini iitwayo UVR8, kilitambuliwa rasmi mwaka 2011. Kikishapokea mionzi hiyo, jani hujaza kemikali za kujikinga na jua ambazo pia huwachukiza fangasi. Mimea iliyopata kiasi kidogo cha mionzi hiyo huuhimili ukungu wa kijivu vizuri zaidi. Wenye vitalu nyumba walifikirie hili, maana nailoni nyingi za kuezekea hutiwa kemikali za kuzuia urujuanimno ili zisichakae upesi. Nyanya iliyo chini yake inakua kwenye jua lisilo kamili, na mara nyingi imepandwa kwa kubanana ili nafasi ya gharama isipotee. Hapo mmea umepata sababu mbili za kulegea.

Msomaji wa Kilimanjaro au Mbozi atakuwa ameshaanza kunung'unika. Kahawa yetu hukua kivulini, atasema, na ina afya kuliko ya juani. Ana haki ya kunung'unika. Kwenye kihamba cha Kichaga kahawa iko chini ya migomba, na juu ya migomba kuna mringaringa au mgrevilea. Kahawa ya arabika asili yake ni chini ya misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, kwa hiyo kivuli cha wastani si adha kwake. Jua kali linazidi uwezo wa kloroplasti zake, na nguvu isiyotumika huzaa oksijeni kali inayoiunguza seli yenyewe.

Zaidi ya hapo, kuna fangasi ambaye mwanga ndio silaha yake. Cercospora coffeicola huacha kwenye majani ya kahawa madoa ya mviringo yenye kitovu cha kijivu-cheupe na ukingo wa kahawia, mithili ya jicho. Kwenye matunda, huanza zaidi upande unaotazama jua. Fangasi wa jamii hii hutengeneza rangi nyekundu iitwayo serkosporini, iliyopatikana mara ya kwanza Japani mwaka 1957 kutoka kwa fangasi wa soya. Mwaka 1982 Margaret Daub alieleza inavyofanya kazi: rangi hiyo hufyonza mwanga na kuipa oksijeni ya kawaida nguvu ya kuvunja mafuta ya utando wa seli, seli ikavuja, na fangasi akala kinachovuja. Bila mwanga sumu hiyo haidhuru kitu. Ndiyo maana kahawa iliyo uchi juani, hasa ikiwa na njaa ya naitrojeni, hujaa madoa hayo, na ya kivulini huwa nayo machache.

Kutu ya majani ni hadithi nyingine, na mimi huiona kuwa ngumu kuliko wanavyoieleza wanaotetea kivuli na wanaokipinga. Fangasi wake, Hemileia vastatrix, aliyepewa jina mwaka 1869 kutokana na majani ya kahawa ya Ceylon, huota usiku kwenye majani yaliyolowa, akaingia kupitia stomata za upande wa chini. Mwanga humzuia kuota. Kivuli kinachochelewesha umande kukauka kinampa saa za ziada. Kwa hesabu hiyo kivuli kingekuwa kibaya. Lakini kahawa ya juani huzaa sana, na mti uliobeba matunda mengi majani yake huugua kutu zaidi, kwa kuwa sukari nyingi ya usanisinuru inavutwa na matunda. Mwaka 2012 watafiti wa Turrialba, Costa Rica, walizitenganisha sababu hizo mbili kwa kuondoa matunda kwa mkono hadi miti ya juani na ya kivulini ikawa na mzigo sawa. Mizigo iliposawazishwa, kivuli kilionekana kuchochea kutu. Ilipoachwa kama ilivyo kawaida, kivuli kilipunguza mzigo na kwa njia hiyo kikaipunguza kutu. Kwa hiyo anayeuliza kama kivuli huleta kutu au huizuia, jibu lake linategemea mti umebeba nini mwaka huo. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa upande wake huenezwa na matone ya mvua yanayorukaruka kutoka tunda hadi tunda, na mwavuli wa majani juu hupunguza kishindo cha matone hayo. Hilo halihusu kinga, lakini lisiposemwa mtu anaweza kukata miti yote ya kivuli akidhani amefanya sayansi.

Turudi shambani kwenye mahindi na mboga, ambako mambo ni mepesi zaidi. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, inayopendekezwa mara nyingi kwa mahindi, huleta takribani miche 44,000 kwa hekta. Wengi huichukulia kuwa kanuni ya mbolea na maji. Ni kanuni ya mwanga pia. Anayepanda mbegu tatu kila shimo kwa kuogopa zisiote, halafu akaona huruma kung'oa, ameipa kila mche habari ya majirani wawili tangu jani la kwanza. Kupunguzia miche kunauma, lakini kufanywe mapema.

Palizi ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa. Clarence Swanton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, wameonyesha kwamba magugu madogo yanayozunguka mche wa mahindi, hata yakiwa hayaupi kivuli wala kuunyang'anya maji, huubadilisha ukuaji wake kwa nyekundu ya mbali inayorudi kutoka kwenye majani yake. Mkulima anayesema magugu bado madogo, nitapalilia wiki ya nne, anapima kwa jicho lake. Mahindi yamekwisha kupima kwa fitokromu.

Kwenye nyanya, kuondoa machipukizi ya pembeni na majani ya chini huingiza mwanga mwekundu ndani ya mmea na kukausha majani kabla ya usiku, faida mbili kwa kazi moja. Kwenye kihamba, pogoa miti ya kivuli na punguza machipukizi ya mgomba kabla ya masika kuanza, ili wakati wa mvua nyingi mwanga upite na majani yakauke. Ukifika kiangazi, acha kivuli kirudi. Usikate kwa sababu jirani amekata. Tazama kahawa yako: madoa ya jicho yakizidi, jua ni jingi au naitrojeni ni kidogo. Kutu ikizidi kwenye miti yenye matunda machache, anza kushuku unyevu na kivuli kizito.

Hakuna lolote hapa linalofuta mbegu kinzani au dawa ya kupulizia pale inapohitajika. Lakini kwa maafisa ugani nina ombi moja. Mkulima akikuletea jani lililougua, kabla ya kumwandikia jina la dawa, mwulize limetoka wapi: ukingoni au katikati ya shamba, juu au chini ya mmea, palizi ya kwanza ilifanyika wiki ya ngapi, na mti wa kivuli ulipogolewa lini. Kisha nendeni mkaliangalie shamba pamoja.